Kigae Hakizuii Maji: Historia Fupi ya Ukuta wa Bafuni

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika makala hii tunaomba ruhusa ya kuisogeza methali hiyo hadi bafuni. Watu wengi huamini kwamba vigae ndivyo vinavyozuia maji ya shawa yasiingie ukutani, na kwamba vikishabandikwa vikang'aa, kazi imekwisha. Sivyo. Kigae ni vazi la ukuta. Kinachozuia maji kiko nyuma yake, mahali ambapo mwenye nyumba hapaoni tena baada ya fundi kuondoka.

Tumeamua kuandika historia ya jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba lugha yetu imehifadhi kipande cha historia hiyo ndani ya neno tunalolitumia kila siku, neno saruji. Ya pili inatugusa zaidi. Wengi wetu tumelelewa, na sasa tunapanga, katika nyumba za Uingereza zenye unyevu na kuvu jeusi kwenye pembe za bafu. Familia zetu zimeambiwa zaidi ya mara moja kwamba kosa ni lao: wanaoga vibaya, wanamwaga maji mno, wanatumia ndoo na kata badala ya kuoga kama wenyeji. Tulitaka kujua kama lawama hiyo ina msingi. Tulipoanza kuuliza maswali, tulijikuta tumefika mbali sana na Uingereza.

Maji hupita wapi?

Kabla ya kwenda katika historia, ni vizuri tueleweshane jinsi maji yanavyoingia. Kigae kilichochomwa vizuri na kupakwa ngozi ya kioo hakipitishi maji. Tatizo liko katikati ya kigae na kigae, pale panapojazwa grauti, yaani ule uji mzito wa saruji unaofunga mistari. Chukua ukuta wa mita 2 kwa mita 2, uliobandikwa vigae vya sentimita 20. Vigae vyake ni 100, na mistari ya grauti iliyo kati yao ina urefu wa mita 36. Grauti ya kawaida ya saruji ina vitundu vidogo sana. Hunyonya maji polepole, kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta, na utambi huo huendelea kufanya kazi hata shawa ikishafungwa.

Njia ya pili ni pembe, mahali kuta mbili zinapokutana. Kila nyumba hujongea kidogo kwa joto, baridi na uzito, na kuta mbili hazijongei pamoja. Grauti ni ngumu, kwa hiyo kwenye pembe hupasuka ufa mwembamba kama unywele. Njia ya tatu, na ndiyo mbaya kuliko zote, ni pale ukuta unapokutana na trei ya shawa, yaani lile beseni pana la chini analosimama mtu anapooga. Trei isiyokaa imara hubonyea kidogo mtu akipanda na kupanda tena akishuka. Mchezo huo wa milimita moja tu, ukirudiwa asubuhi na jioni, huachanisha kiungo. Maji yanayoteremka ukutani huishia hapo hapo.

Kwa hiyo swali la kihistoria si nani alibuni kigae. Swali ni hili: nani alijua kwamba kigae hakitoshi, na akaweka nini nyuma yake?

Lami, risasi na vigae vilivyopondwa

Jibu la zamani tunalolifahamu vizuri linatoka Mohenjo-daro, mji wa kale wa bonde la mto Indus, katika Pakistani ya leo. Katika miaka ya 1920 wanaakiolojia walifukua huko bwawa la kuogea lililojengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Lina urefu wa karibu mita 12, upana wa mita 7 na kina cha mita 2.4. Mafundi wake walipanga matofali yaliyochomwa yakabanana sana, wakayafunga kwa jasi. Lakini hawakuiachia jasi kazi peke yake. Nyuma ya matofali hayo walipaka tabaka la lami ya asili, kisha wakajenga matofali mengine nyuma ya lami. Aliyekuwa akioga aliona tofali tu. Lami, iliyokuwa ikizuia maji, ilikuwa imefichwa katikati. Fundi wa leo anayepaka utando wa mpira nyuma ya vigae anafuata wazo lile lile.

Warumi walikuwa na njia mbili. Ya kwanza wanachama wetu wanaweza kuiona kwa nauli ya treni, katika mji wa Bath, kusini magharibi mwa Uingereza. Bwawa kubwa la kuogea la Warumi pale limetandikwa chini mabamba 45 ya risasi, na hadi leo linashika maji. Njia ya pili ilikuwa ya bei nafuu zaidi. Walichukua vigae na vyungu vilivyovunjika, wakaviponda, wakachanganya unga na vipande vyake na chokaa. Lipu iliyopatikana ilikuwa ya rangi ya waridi, na haikuharibiwa na maji kama lipu ya chokaa na mchanga. Vitruvius, mjenzi aliyeandika kitabu juu ya ujenzi katika karne ya 1 kabla ya Kristo, aliwashauri mafundi kutumia lipu ya vigae vilivyopondwa sehemu ya chini ya kuta zenye unyevu. Kama unyevu haukukoma, alisema, jenga ukuta mwembamba wa pili mbele ya ule wa kwanza, acha nafasi katikati, na uweke matundu ili maji na hewa vipate pa kutokea.

Kwa nini kigae kilichopondwa kinasaidia? Chokaa ya kawaida hukauka kwa kuvuta hewa, na ndani ya maji haikauki. Lakini udongo uliochomwa una silika na alumina zilizo tayari kuungana na chokaa. Muungano huo huwa mgumu hata palipo na maji. Kwa maneno mengine, kigae kilicho juu ya ukuta hakizuii maji, lakini kigae kilichosagwa ndani ya lipu husaidia sana kuyazuia.

Neno saruji limetoka wapi?

Sasa tuje nyumbani. Nchini Tanzania ule unga wa kijivu wa kiwandani huitwa saruji. Kenya wengi huuita simiti, neno lililotokana na Kiingereza. Neno saruji ni la zamani zaidi. Limetokana na saruj ya Kiajemi na Kiarabu, na wenzetu wenye babu na bibi Maskati wanalijua bila kufundishwa. Huko Oman, saruj si unga wa kiwandani. Ni udongo uliochomwa, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa, ambao mafundi wametumia kwa karne nyingi kukinga mifereji, mabirika na misingi ya ngome. Mifereji ya maji ya Oman, iitwayo aflaj, husafirisha maji kutoka ardhini hadi mashambani na vijijini, na sehemu nyingi zake zimepakwa saruj ili maji yasipotee njiani. Mitano kati ya mifereji hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006.

Kwa hiyo neno tunalolitumia kwa mfuko wa dukani lilianza maisha yake kama jina la dawa ya maji. Halikuanza kama jina la gundi ya matofali wala la zege la ghorofa. Lilikuwa jina la kile kinachopakwa ili maji yabaki upande wake.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na ujuzi wake. Hapa malighafi ilikuwa matumbawe. Yalichomwa juu ya rundo la kuni, mara nyingi za mikoko, hadi yakawa chokaa, kisha chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa ikae. Huko Kilwa, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, kuna bwawa lenye pembe nane juu ya mwamba unaotazama bahari. Huyu ndiye sultani aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Ukitazama picha za magofu yale, kumbuka kwamba bwawa ni mtihani mgumu kuliko ukuta wa shawa. Shawa hunyesha kwa dakika kumi. Bwawa husukuma maji usiku na mchana.

Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, bafu lilikuwa na birika lake la kuhifadhia maji, na watu walioga kwa kuchota. Ndani ya birika, chini kabisa, mafundi walitia bakuli la kaure ya China ndani ya lipu. Maji yalipopungua, bakuli lilibaki limejaa, na visamaki vilivyofugwa humo ili kula viluwiluwi vya mbu vilipata pa kuishi. Hawa hawakuwa watu wasiojua kukaa na maji ndani ya nyumba. Walijenga bafu wakijua kwamba maji yatamwagika kila siku, wakayawekea pa kwenda.

Hata neno sakafu lina hadithi yake. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya paa au dari. Katika Kiswahili limekuwa sehemu ya chini tunayokanyaga. Mabadiliko haya yanaeleweka ukifikiria nyumba ya ghorofa ya pwani: sakafu ya aliye juu ni dari ya aliye chini, na zote mbili ni kitu kimoja, zege la chokaa na kokoto za matumbawe lililowekwa juu ya boriti. Zege hilo halikuachwa likauke lenyewe. Lilipigwapigwa kwa vipande vya mti, siku baada ya siku, na kundi la watu, mara nyingi wanawake, wakifuata mdundo wa nyimbo. Kupiga huko kulitoa hewa na maji ya ziada na kufunga vitundu ambavyo maji ya mvua yangepitia. Tusisahau pia kwamba katika miji ya pwani ya karne ya 18 na 19 sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Tunapowasifu waliomiliki nyumba zile, mikono iliyozuia maji yasipite ilikuwa ya watu wengine, na majina yao hayakuandikwa.

Njia mbili za kukaa na maji

Katika kusoma kwetu tuligundua kwamba historia hii ina mafundisho mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakoleta balaa.

Fundisho la kwanza ni la kuzuia: weka kitu kisichopitisha maji kabisa, kama lami ya Mohenjo-daro au risasi ya Bath. Fundisho la pili ni la kupumua: acha ukuta unywe maji kidogo na uyatoe tena. Ukuta wa matumbawe na chokaa huingiwa na unyevu wakati wa masika, kisha huutoa polepole kiangazi kikija. Ndiyo maana wataalamu wa uhifadhi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, huonya dhidi ya kupiga lipu ya saruji ya kiwandani juu ya kuta za chokaa. Lipu hiyo huonekana imara, lakini huufungia unyevu ndani. Ukuta huoza ukiwa umevaa nguo nzuri.

Mafundisho yote mawili ni sahihi mahali pake. Ama maji yazuiwe kabla hayajaingia, ama yakiingia yapewe njia ya kutoka. Ukuta unaoharibika ni ule unaonywa maji bila kuweza kuyatoa. Shikeni hilo, maana bafu nyingi za Uingereza zilijengwa kwa namna hiyo hasa.

Uingereza: kutoka beseni hadi shawa

Waingereza nao walitafuta kitu cha kushinda maji. Mwaka 1756 mhandisi John Smeaton, aliyepewa kazi ya kujenga mnara wa taa wa Eddystone katikati ya bahari, alifanya majaribio ya aina mbalimbali za chokaa. Aligundua kwamba mawe ya chokaa yenye udongo ndani yake ndiyo yanayotoa chokaa inayoshika ndani ya maji. Ni siri ile ile ya vigae vilivyopondwa na ya saruj, ila safari hii udongo ulikuwa tayari ndani ya jiwe. Mwaka 1824 Joseph Aspdin wa Leeds alipata hati ya ubunifu wa kile alichokiita saruji ya Portland. Saruji ya aina hiyo, baada ya kuboreshwa na wengine, ndiyo iliyoenea dunia nzima, na ndiyo iliyochukua jina la saruj kwetu.

Kwa muda mrefu vigae vilibandikwa juu ya tabaka nene la saruji na mchanga. Tabaka hilo halikuwa kizuizi kamili, lakini halikuharibiwa na maji. Lililowa, likakauka. Mambo mawili ya karne ya 20 yalibadilisha hali hiyo.

La kwanza ni ubao wa jasi, ambao mafundi wengi wa kwetu huuita jipsamu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilihitaji nyumba nyingi kwa haraka, na kupigilia ubao wa jasi ni rahisi kuliko kupiga lipu. Lakini jasi si rafiki wa maji. Lita moja ya maji inaweza kuyeyusha gramu 2 hivi za jasi, na karatasi inayofunika ubao huo ni chakula cha kuvu. Pamoja na ubao huo ikaja gundi nyembamba ya vigae. Katika miaka ya 1950, nchini Marekani, mkemia Henry Rothberg alikuwa miongoni mwa waliotengeneza gundi ya saruji iliyochanganywa na mpira, ambayo ilishika kigae kwa tabaka la milimita chache tu. Kazi ikawa nyepesi na bei ikashuka. Lakini lile tabaka nene lililokuwa likivumilia maji likatoweka kimyakimya.

La pili ni shawa yenyewe. Katika sensa ya mwaka 1951, zaidi ya theluthi moja ya kaya za nchi hii hazikuwa na bafu la kudumu. Waliokuwa nalo walioga wakiwa wamekaa ndani ya beseni refu la chuma lililopakwa ngozi ya kioo. Beseni hilo lilishika maji lenyewe, na ukuta ulirushiwa matone machache tu. Kuanzia miaka ya 1970 shawa za umeme zilienea majumbani. Zikafungwa juu ya mabeseni yale yale, kwenye kuta zile zile za jasi na vigae. Kwa ghafla ukuta uliotengenezwa kwa matone ukawa unamiminiwa makumi ya lita kila asubuhi. Namna ya kuoga ilibadilika, ukuta haukubadilika.

Hapa ndipo tunapoona kiini cha jambo lote. Mohenjo-daro, Oman na Lamu zilitofautiana sana, lakini kote huko aliyejenga mahali pa kuogea alijua maji yatafika wapi, akajenga kwa ajili ya maji hayo. Katika nyumba hizi za Uingereza aliyejenga ukuta, aliyefunga shawa na aliyebandika vigae walikuwa watu watatu tofauti, pengine kwa kupishana miaka ishirini, na hakuna aliyekuwa na jukumu la kilicho katikati.

Jinsi kazi inavyofanywa sasa

Leo ujuzi wa zamani umerudi kwa vifaa vipya. Toleo la mwaka 2018 la kiwango cha Uingereza kuhusu ubandikaji wa vigae vya ukutani, BS 5385, linataka kuta za sehemu zenye maji mengi kama shawa, zikiwa za vitu vinavyodhurika kwa maji, zikingwe kwa utando kabla ya kubandikwa vigae. Wawili kati yetu walipata kuishuhudia kazi hiyo likizo iliyopita, walipomsaidia ba'mdogo wa mmoja wao kukarabati bafu lake la ghorofani. Yeye si fundi kwa kazi, lakini ni mtu asiyependa haraka.

Kwanza vigae vya zamani na ubao wa jasi uliolainika viliondolewa, vikawekwa vibao vya saruji ambavyo havivimbi wala havioti kuvu kama karatasi. Kisha trei ikakalishwa juu ya udongo wa saruji na mchanga uliotandazwa chini yake wote, siyo juu ya madonge matano, ili isibonyee popote. Ikapimwa kwa pima maji, ikaachwa ishike kabla ya mtu yeyote kuikanyaga. Halafu ikaja sehemu isiyoonekana: mkanda laini unaonyumbulika ulibandikwa kwenye pembe zote, kwenye viungo vya vibao, kuzunguka mabomba, na pale ukuta unapokutana na trei. Juu ya mkanda na ukuta mzima ikapakwa rangi nzito ya mpira, mara mbili, ya pili ikipita kinyume na ya kwanza ili kusibaki kitundu.

"Ba'mdogo, si tuanze vigae leo tumalize?" mmoja aliuliza siku ya tatu.

"Mpako wa pili haujakauka, mwanangu. Jikoni kwa shangazi yako ni hapo chini. Unataka mvua imnyeshee kwenye sufuria?"

Ulipokauka, tundu la trei lilizibwa, maji kidogo yakajazwa, alama ikawekwa kwa penseli, na asubuhi yake wakaangalia kama yameshuka. Hayakuwa yameshuka. Ndipo vigae vikaanza kubandikwa, kigae cha chini kikiachiwa mwanya wa milimita chache juu ya trei. Mwanya huo haukujazwa grauti. Ulijazwa silikoni, kwa sababu silikoni hunyumbuka na grauti hupasuka. Kazi yote ya kuzuia maji, pamoja na kungoja ikauke, ilichukua siku tatu zaidi. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya vigae.

Lawama kwa anayeoga

Tumesema kuna jambo linalotugusa zaidi. Desemba 2020, mtoto wa miaka 2 aitwaye Awaab Ishak alifariki Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Wazazi wake walitoka Sudan. Novemba 2022 uchunguzi rasmi wa kifo chake ulihitimisha kwamba alikufa kwa ugonjwa mkali wa njia ya hewa, uliotokana na kukaa muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Baba yake alikuwa ameripoti kuvu hilo miaka mitatu kabla. Shirika lililomiliki nyumba lilikiri baadaye kwamba lilikuwa limejijengea dhana kuhusu mtindo wa maisha wa familia, na kwamba lilikosea. Miongoni mwa dhana zilizoripotiwa ni namna familia hiyo ilivyooga. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya nyumba za jamii yenye sehemu inayoitwa Sheria ya Awaab, inayowalazimu wenye nyumba hizo kushughulikia hatari kama unyevu na kuvu ndani ya muda uliowekwa.

Kisa hicho hakikuwa cha vigae. Nyumba ile haikuwa na njia za kutosha za kupitisha hewa. Lakini dhana iliyotumika ni ile ile ambayo familia zetu zimeisikia: kwamba tatizo si ukuta, tatizo ni anayeoga. Ndiyo maana tunataka hesabu ifanywe waziwazi. Shawa ya kawaida hutoa lita 8 au zaidi kwa dakika. Mtu akioga dakika 10 amemwaga lita 80. Ndoo kubwa inabeba lita 20. Anayeoga kwa ndoo na kata ametumia robo ya maji ya jirani yake, na anayetawadha ametumia kidogo zaidi ya hapo. Kama ukuta hauwezi kustahimili ndoo moja, hauwezi kustahimili shawa. Mwenye nyumba aliyefunga shawa ameshakubali kwamba maji yatamiminika pale, na kama nyuma ya kigae hakuweka kitu, amejenga bafu kwa ajili ya mtu asiyeoga.

Hatusemi kwamba mpangaji hana wajibu. Kufungua dirisha au kuwasha feni baada ya kuoga ni jambo jema, na mvuke ni tatizo lake peke yake, mbali na maji yanayopenya. Tunachosema ni kwamba haya ni mambo mawili. Kuvu juu ya dari mara nyingi ni mvuke. Kigae kinacholia debe tupu kikigongwa, ukuta unaobonyea kwa kidole, trei inayocheza ukiikanyaga, au doa kwenye dari ya chumba cha chini ni dalili kwamba maji yameingia ndani. Hizo hazitibiwi kwa kufungua dirisha, wala kwa kupaka silikoni mpya juu ya ile iliyoota weusi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, ila katika shawa, ufa ukishaonekana juu, mara nyingi ukuta wa ndani umeshaanza kudai kujengwa upya.

Kwa hiyo mwanachama mwenzetu anayetafuta nyumba ya kupanga, au ambaye wazazi wake wanakaribia kukarabati bafu, tunakuomba uulize maswali matatu. Nyuma ya vigae kuna nini? Trei imekalia nini? Nani alipima kwa maji kabla ya kufunika, na aliona nini? Muulize fundi mbele ya wazee, kwa adabu, kabla hajaanza kuchanganya gundi. Ukiripoti unyevu kwa mwenye nyumba, piga picha, andika tarehe, na eleza ni wapi hasa, ili jibu lisiwe somo la jinsi ya kuoga.

Tuna ombi jingine moja kwa wasomaji na kwa walimu wetu. Katika kuandika makala hii tuligundua kwamba tunajua maneno mengi ya ushairi na machache ya ujenzi. Tulisita kwenye grauti, tukasita kwenye trei, na hatukujua kama kile kibao cha kupigia sakafu ya chokaa kilikuwa na jina lake Lamu, Pemba au Kilwa. Wapo wazee katika familia zetu waliochoma chokaa, waliozima chokaa, au waliotazama mama zao wakipiga sakafu. Tafadhali waulizeni, mwandike wanavyosema kwa lahaja yao, na mtuletee kabla ya toleo la muhula ujao. Tutayachapa maneno hayo pamoja na maelezo ya kazi yenyewe, hatua kwa hatua, kama walivyoifanya.